Njia ya Balambala Isiyo na Gari

Siku mteja wangu mmoja aliponionyesha kwenye simu picha za njia za baiskeli za mashambani huko Ufaransa, nilicheka mpaka spana ikaniponyoka. Changarawe nyeupe, miti imesimama pande mbili kama wanafunzi wa gwaride, ng'ombe wanene wamelala kama matajiri, na watu wazima waliovaa nguo za kubana wakiendesha polepole, wakitabasamu peke yao.

Mteja huyo alikuwa afisa wa serikali aliyehamishiwa Garissa. Wazee wetu bado husema mtu kama yeye "ametoka Kenya", kana kwamba sisi tuko mwezini. Alikuwa ameketi kwenye gogo la kibanda changu, ananisubiri nimalize kumtilia kiraka.

"Ona, fundi," akasema. "Watu wanapanda ndege kwenda huko kwa sababu moja tu. Njia hizo hazina magari."

"Sababu hiyo tu?"

"Hiyo tu. Kimya, mawe, na wewe."

Nikamwambia kama utajiri ni kukosa magari, basi sisi wa huku ni mabilionea na hakuna aliyetuambia. Nikamwambia ninaijua njia kutoka hapa hadi Balambala, kati ya barabara kuu na Mto Tana, ambayo haijaona gari tangu Nabii Nuhu ashuke safinani. Nilipokuwa kijana niliipita kila wiki na baiskeli ya chuma, nimefunga nyuma sukari na majani ya chai ya kuwauzia wafugaji. Mzigo ulikuwa mzito kiasi kwamba gurudumu la mbele lilikuwa halikanyagi chini mpaka Ijumaa.

Afisa hakucheka. Alisema neno moja: "Iandike."

Miaka mitano kabla ya hapo ningejifanya natafuta miwani. Lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhitimu ngumbaru. Nilianza kusoma nikiwa na mvi, darasa la jioni baada ya sala ya magharibi, kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili ambalo lilinipandisha magoti hadi masikioni. Tulikuwa wachuuzi, wapishi, askari wa zamani na mama mmoja muuza maziwa aliyetushinda sote hesabu. Cheti changu nimekitundika kibandani katikati ya tyubu. Ukisimama kwenye daraja la Tana unakiona, na siku isiyo na vumbi kinaonekana Nairobi.

Kwa hiyo nikaandika. Kurasa nne, pande zote mbili. Hicho ndicho kitu cha kwanza maishani nilichoandika ambacho hakikuwa mtihani. Afisa akazipiga picha zile kurasa, akazituma kwa chama cha waendesha baiskeli alichokuwa mwanachama wake Nairobi. Chama hicho kila mwaka hutoa orodha ya njia zinazofaa, na zote zilikuwa za milimani: mashamba ya chai, misitu ya misonobari, ukungu. Ng'ambo hii ya Tana hapakuwa na hata moja, kana kwamba dunia inaishia darajani.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Wangemtuma katibu wao aje kuijaribu njia pamoja nami. Akiridhika, Garissa ingeingia kwenye orodha na wanachama wangekuja baada ya mvua. Sharti lilikuwa moja. Akikutana na gari, hata moja, hata pikipiki yenye magurudumu matatu, basi asante sana na kwaheri.

Nilikubali kabla sijamaliza kusoma. Ninavyopenda kusifia kwetu ungedhani nalipwa. Watu wakisikia jina la Garissa hushika kifua, na mimi maisha yangu yote nimetamani mtu mmoja tu alisikie akashika baiskeli.

Miezi mitatu nilishinda porini na panga. Matawi ya migunga yalikuwa yameifunika njia, na mwiba wa mgunga hauna huruma na tairi. Nilikata miiba ya kutosha kuzungushia boma kaunti nzima. Penye mchanga nilimwaga changarawe kwa karai. Nilipomaliza njia iling'aa, na nikiri kwamba nilirudi nyuma hatua kadhaa kuitazama, kama mtu anayemtazama mtoto wake siku ya kwanza ya shule.

Katibu alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwalimu mkuu mstaafu kutoka milima ya baridi. Mdogo wa mwili, lakini mashavu ya miguu yake yalikuwa yamesokotwa kama mizizi. Nilimwita Madam, yeye akaniita fundi, na kwa saa mbili za kwanza hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Alikuwa na kidaftari kwenye mfuko wa mbele. Kila nilipomwona anakitoa nilitazama mbele na nyuma kama kuna gari.

Njia ilijitetea yenyewe. Tuliwapita twiga saba wakila vilele vya miti, wakatutazama kwa dharau ya maofisa. Swala wadogo walichomoka vichakani kama mawe ya manati. Kusikia ulisikia tairi lako tu likisaga changarawe, na njiwa. Madam alishuka, akasimama, akavuta pumzi. Kisha akaandika mstari mrefu.

Kilichomsumbua ni salamu. Huku kwetu hupiti mtu njiani kama unapita nguzo ya stima. Unasimama, mnasalimiana kwa amani, kisha mmoja anasema "Warran," yaani lete habari, na unazileta: umetoka wapi, mvua umeiona wapi, majani yako upande gani, kisima kipi kina maji, nani mgonjwa, nani amehama. Halafu na yeye anazileta zake. Baada ya mchungaji wa tatu Madam alitazama saa.

"Fundi, hawa wote ni jamaa zako?"

"Hapana Madam. Hatujuani."

"Mmeongea dakika ishirini!"

"Leo tumefupisha kwa ajili yako."

Nilimweleza tukiwa tunaendesha. Mtu akikwambia kuna majani mahali fulani, unahamisha nyumba, watoto na mifugo kwa neno lake. Kwa hiyo habari ya njiani haiongezwi chumvi. Mimi, ambaye nikikohoa nasema nilikuwa karibu kufa, kwenye habari ya njiani huwa mkavu kama karani wa mahakama. Nikamsimulia juu ya mtu mmoja wa upande wa Ijara aliyewahi kusema ameona majani ambayo hakuyaona, ili tu aonekane mjuzi. Familia tatu zikahama. Mbuzi wakafa njiani. Hadi leo watu wanamsalimia, wanampa chai, wanamuuliza hali ya watoto. Habari hawampi, na zake hawaziulizi.

"Adhabu kali," akasema Madam.

"Kuliko jela. Jela unatoka."

Tulilala kwa binamu yangu, aliyetulisha nyirinyiri, nyama kavu iliyokaangwa, na maziwa ya ngamia mpaka Madam akaomba huruma. Asubuhi tulianza mapema. Zilikuwa zimebaki saa chache tu, na kidaftari hakikuwa na gari lolote. Nilianza kuimba.

Ndipo tukakutana na mzee mwenye ngamia wapatao kumi na wawili. Mzee mwembamba, ameweka fimbo mabegani na mikono imening'inia juu yake. Nilimwita adeer, ami, kwa heshima ya umri wake. Tukasalimiana, nikatoa zangu. Kisha akatoa zake kwa Kisomali, taratibu, kama anavyopaswa. Mvua bado. Ngamia mmoja amezaa. Katika kijiji kilicho mbele pampu ya kisima imekufa. Akamalizia:

"Lori la maji linawaletea. Leo siku ya sita. Limeacha barabara kuu kwa sababu ya mashimo, linaingia hapo mbele kwenye njia yako hii. Umeisafisha vizuri, mwanangu. Mungu akulipe."

Nilihisi damu yote imeshukia kwenye kanyagio. Miezi mitatu ya panga! Nilikuwa nimezisafishia baiskeli njia, na nimeisafisha vizuri hata lori la maji likaipenda.

Madam alikuwa anakunywa maji hatua chache nyuma. "Amesema nini?"

Hakujua Kisomali hata neno moja. Mzee alikuwa amekwisha kusema lori hupita kabla ya adhuhuri na hurudi mchana. Ningeweza kusema ngamia amezaa, tukafunga breki chini ya mti, nikapika chai ya saa tatu nzima kwa tangawizi na hadithi, lori likamwaga maji na kuondoka, na jioni Garissa ikawa kwenye orodha. Wallahi niliiona hiyo chai, mvuke wake na sukari yake. Alama za tairi? Ningesema ni mkokoteni. Mimi ni fundi. Nani angenibishia juu ya tairi?

Lakini mzee hakuondoka. Alibaki amesimama, fimbo mabegani, ananitazama. Sijui alielewa Kiswahili kiasi gani. Alijua tu kwamba alinipa habari, na kwamba sasa naulizwa habari hiyo hiyo, njiani.

"Amesema ngamia mmoja amezaa," nikaanza. "Na kuna lori mbele yetu. La maji. Linatumia njia hii. Leo siku ya sita."

Madam alifunga chupa yake, akakizungusha kifuniko mpaka kikalia. "Haya," akasema. "Twende tukalione."

Lori tulilikuta kwenye uwanja mbele ya kijiji, limezungukwa na wanawake na mitungi ya manjano mingi kama maua ya baada ya mvua. Dereva, kijana mnene mwenye kofia, aliponiona na panga kwenye fremu alinirukia kwa furaha.

"Adeer! Wewe ndiye umetengeneza hii barabara? Serikali ikuandike kazi! Ile kubwa imenivunjia springi mbili, hii ni laini kama kitanda!"

"Si barabara," nikasema.

"Ni nini sasa?"

"Ni njia ya baiskeli."

Alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Nilitaka kumpiga na pampu. Lakini nyuma yake mama mmoja alikuwa amemwinamia mtoto, anamnywesha kwa kiganja, na mtoto alikuwa anakunywa bila kupumua. Hata kuliombea lori lile lipate pancha sikuweza. Nililiangalia tu, nikiwa na aibu na hasira, na sikujua niiweke wapi ile hasira.

Madam akatoa kidaftari. Niliona kalamu ikitembea. Maneno mawili tu. Kwa kuwa nimesoma, niliyasoma hata yakiwa kichwa chini: *Gari moja.*

Mama mmoja wa makamo, mrefu, amejifunga shuka ya maua, aliweka mtungi wake chini akaja mpaka kwenye pua ya Madam. Alikuwa mkubwa wa wanawake wa pale. Wengine walimpisha bila kuambiwa.

"Wewe mama, unaandika nini? Unaandika maji yetu?"

"Hapana dada yangu. Naandika gari. Sisi tunatafuta njia isiyo na gari."

Mama yule alimgeukia jirani yake, akamtafsiria. Kicheko kilichotoka pale kiliwatisha mbuzi.

"Mnatafuta bahali hakuna gari?" akasema, kwa Kiswahili ambacho kila p imegeuka b. "Sisi tunatafuta gari mwaka nzima! Njoo tubadilishane!" Kisha akanigeukia mimi, mikono kiunoni. "Na wewe, fundi mzima na ndevu zako nyeubeube. Kwa nini unabitisha wageni njia ya sukari?"

"Ndiyo njia, eddo," nikasema, yaani shangazi. "Naijua miaka arobaini."

"Ndiyo njia ya wanaume. Wanaume wanajua njia moja tu, ya kwenda kuuza kitu. Njia ya wanawake umeuliza nani?"

Nilinyamaza. Na watu wa Garissa watakuambia hilo halijatokea tangu nizaliwe.

Akaeleza, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisomali akiona Kiswahili kinamchelewesha. Wanawake wa vijiji vile wana njia yao chini, kando ya mto, katikati ya mikoma. Ndiko wanakokata majani ya kusukia mikeka, na ndiko wanakopita na punda siku pampu zikifa na lori lisipokuja. Inaanzia nyuma ya nyumba ya mwisho na inafika hadi mashamba ya Balambala. Upana wake, akaupima kwa mikono hewani, ni punda mmoja na mzigo wake.

"Bunda na mitungi mbili inabita," akasema. "Lori ikijaribu, itakaa huko mbaka Kiyama."

Madam alinitazama. Kwenye kurasa zangu nne hapakuwa na mikoma. "Unaijua, fundi?"

"Siijui," nikasema. Neno hilo lilikuwa jipya kinywani mwangu na lilikuwa na ladha ya kutu.

"Basi leo tuko sawa." Akapanda baiskeli.

Mama mkubwa alitutangulia kwa miguu na ndara zake hadi mahali njia inapoanza, na kusema kweli alikuwa na kasi kuliko sisi. Kisha akatuelekeza kwa kidole na kurudi kwenye maji yake.

Nimeendesha baiskeli maisha yangu yote na sijawahi kuona njia kama ile. Kokoto ndogo zilizooshwa na mafuriko ya zamani, zimeshindiliwa na kwato za punda na miguu ya wanawake kwa sijui vizazi vingapi, ngumu na laini kwa pamoja. Kivuli cha mikoma juu. Mto unauona vipande vipande, mwekundu kama chai ya maziwa. Njia inapinda kila penye hatari kabla wewe hujajua kuna hatari. Mtu alikuwa ameshafikiria, miaka mingi nyuma, akiwa na mtungi mgongoni. Mimi nilikata miiba miezi mitatu. Huko hapakuwa na mwiba wa kukata. Madam alikuwa mbele, na nilimsikia anacheka peke yake kwenye kona.

Tulipotokea kwenye mashamba ya Balambala, kwenye migomba na mahindi, tuliketi ukingoni mwa mfereji. Madam akatoa zile kurasa zangu nne. Alikuwa amezichapisha Nairobi na kuzibeba njia nzima. Akaupiga msalaba ukurasa wa tatu wote, ule wa kutoka kijijini hadi Balambala. Kisha akanipa kalamu na kidaftari chake.

"Andika huu upya. Na usizidishe."

"Na lile lori?"

"Lori liko kwenye njia ya wanaume. Wacha liwaletee watu maji. Kwenye hii sijaona gari. Nimeona punda wanne na mamba mmoja."

"Wawili, Madam."

"Mmoja, fundi."

Nikaandika mmoja. Hata mbele ya mwalimu mkuu, mwandiko ulisimama wima. Niliandika *nyuma ya nyumba ya mwisho, fuata nyayo za punda*, na juu yake kichwa cha habari, *Njia ya Wanawake*. Alisoma, akabadilisha koma moja, akaweka sahihi yake chini. Ndivyo Garissa ilivyoingia kwenye orodha, baina ya msitu fulani wa baridi na mashamba fulani ya chai, na jina letu ndilo lililo na jua.

Walikuja baada ya mvua, watu thelathini wenye helmeti za kila rangi. Kabla ya hapo nilirudi kijijini kuomba ruhusa kwa wenye njia, na wanawake walikubali kwa masharti mawili: punda apishwe, na chai inywewe kwao. Pampu ilikuwa imetengenezwa, lori limeenda kwingine. Mama mkubwa alisimama mwisho wa mikoma kuwapokea wakitoka, na kijana wa chama mwenye orodha alisimama kando yake akiweka alama.

"Thelathini," akasema kijana. "Wote wamefika."

"Hawajafika," akasema mama.

"Mama, nimehesabu."

"Wewe umehesabu. Mimi nimeangalia." Huku kwetu mtu hahesabu wanyama wake wakirudi zizini, anawatazama, na aliyekosekana anajionyesha kwa pengo lake. "Yule wa koti ya manjano, mwenye miguu ndefu kama korongo. Yuko wabi?"

Kijana alihesabu tena na kukuta amemtia alama mtu mmoja mara mbili. Dakika kumi baadaye korongo wetu alitokea akisukuma baiskeli, tairi limekaa chini, uso umeiva. Mama alimzunguka mara moja, akamkagua kama mbuzi aliyerudi kutoka kwa jirani, akampa bilauri ya chai na kunielekezea mimi tairi kwa kidevu.

"Tengeneza," akasema. "Huyu ni wetu."